Bastola, Kioo na Ukungu wa Kilema

Lipo swali ambalo ukilizusha penye kilabu cha mbege huko Kilema wazee watakutazama kama mgeni aliyeshuka jana. Swali lenyewe ni hili: bastola achukuayo mtu kiunoni kwa kujilinda, yafaa ilengwe kwa vyuma vyake viwili vya asili, kile cha mbele na kile cha nyuma, au kwa kioo kidogo cha siku hizi ambacho ndani yake huwaka nukta nyekundu? Mwenye kihamba atajibu kwamba jambo hilo halimhusu, maana yeye hana bastola wala hatazamii kuwa nayo. Sisi twasema lamhusu. Tena lamhusu yeye asiye na silaha kuliko yule aliye nayo, kwa sababu risasi iliyokosa shabaha haina budi kutua mahali, na mahali hapo, huko mlimani, aghalabu ni nyumba ya jirani.

Asiyepajua Kilema na apewe picha fupi. Kata zake tatu, ya Kusini, ya Kati na ya Kaskazini, zimo katika wilaya ya Moshi, upande wa kusini mashariki wa mlima, na kihamba hugusana na kihamba tangu barabara ya chini hata mpaka wa msitu. Migomba na kahawa huzuia macho, hata mtu aliye hatua thelathini asionekane, ilhali nyuma ya migomba hiyo kuna jiko linalotoa moshi, na nyuma ya jiko kuna mfongo ambako watoto wanachota maji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Kilimanjaro zaidi ya watu 1,800,000, na sehemu kubwa ya hao wamebanana katika ukanda mwembamba ulio kati ya tambarare na msitu. Risasi ya bastola ya milimita 9 yaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na ukuta wa mbao hauizuii. Katika nchi ya namna hiyo, usahihi wa kulenga ni haki ya mpita njia kabla haujawa sifa ya mwenye bastola.

Hatusemi kwamba bastola zimejaa Kilema. Watu wachache tu ndio wazichukuao kwa halali: askari wa upelelezi wavaao nguo za kiraia, baadhi ya wafanyabiashara wanaopita na fedha kati ya Moshi, Himo na mpaka wa Holili, walinzi wa wasafirishaji wa fedha, na baadhi ya wenyeji wanaoishi mbali na kurudi nyumbani kila Desemba. Hao wote, wasio askari, wamo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwaka 2016 serikali iliwaita wenye silaha zilizosajiliwa wazipeleke kuhakikiwa. Uchache wao hautufanyi tunyamaze. Dereva mmoja mlevi katika barabara yatosha kuwaua abiria wa basi zima.

Tukumbushe pia, kwa wapendao historia, kwamba mzungu wa kwanza kufika Kilema, mmisionari Johannes Rebmann, aliingia kwa Mangi Masaki mwaka 1848 akiwa amechukua mwavuli badala ya bunduki, akatoka salama. Bunduki zilikuja baadaye kwa misafara ya pwani, na wamangi wa mlima wakazitumia katika vita vyao wenyewe na dhidi ya Wajerumani. Mwezi wa Juni 1892 watu wa Mangi Meli wa Moshi waliwashinda Wajerumani na kumuua kiongozi wao, von Bülow. Waliijua ardhi yao, walijua ni umbali gani wa kungoja kabla ya kufyatua, na ujuzi huo hauuzwi dukani pamoja na chombo.

Sasa tuingie katika vyombo vyenyewe, na tuanze na chuma. Vyuma vya kulengea ni viwili: ncha moja mbele karibu na mdomo wa mtutu, na pengo nyuma karibu na mkono. Mlengaji huitia ncha katika pengo, akasawazisha vichwa vyake, kisha akaviweka vyote juu ya shabaha. Havina betri, havina kioo, havina swichi. Mvua ya masika huvilowesha na bado vikafanya kazi. Tope likivijaa, kidole chatosha kuvifuta. Mtu akitoa bastola yake katika ala baada ya miezi sita ya kuisahau, vyuma atavikuta palepale alipoviacha. Kwa hiyo wale wasemao kwamba chuma hakisaliti wana hoja iliyo nzito, nasi hatuidharau.

Lakini chuma nacho kina deni lake. Katika bastola ya kawaida umbali kati ya ncha ya mbele na pengo la nyuma ni kama sentimita 16 tu. Ncha hiyo ikipotoka milimita moja, risasi itapotoka zaidi ya sentimita 6 kwa umbali wa mita 10, na zaidi ya sentimita 15 kwa umbali wa mita 25. Milimita moja ni nini kwa mkono unaotetemeka? Zaidi ya hayo, chuma chadai kazi isiyowezekana kutoka kwa jicho: kuona kwa wakati mmoja pengo lililo karibu, ncha iliyo mbele yake kidogo, na adui aliye ng'ambo ya ua. Jicho huweza kuona sawasawa kimoja tu. Walimu wa shabaha hufundisha kwamba kionwe chuma cha mbele na adui aachwe awe kama kivuli, nalo ni fundisho jema uwanjani. Lakini mtu aliyevamiwa na panga usiku hatazami chuma, hutazama panga. Na aliyepita miaka 40 au 45, ambaye tayari husogeza gazeti mbali ili alisome, ncha hiyo ya mbele haioni tena ila kama ukungu. Wengi wa wale wapewao leseni, kwa kuwa ni watu wenye mali na umri, wamo katika kundi hilo.

Tena si kweli kwamba chuma hakiharibiki. Ziko bastola zitokazo kiwandani na ncha za plastiki, ambazo husuguliwa na ala hata zikawa butu. Chuma cha nyuma kikigongwa katika mlango wa gari chaweza kusogea kando kidogo, na mwenyewe asijue mpaka siku ya haja. Kutu, hasa huko juu kwenye unyevu wa mwaka mzima, haichagui. Tofauti ni kwamba kosa la chuma hukaa kimya, na la kioo huonekana mara moja. Wapenzi wa chuma hawapendi kulitaja jambo hili.

Kioo cha nukta si uchawi wala si jambo jipya kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1900 fundi wa darubini wa Dublin, Howard Grubb, alibuni njia ya kuakisi alama katika kioo ili mlengaji aione kana kwamba imesimama mbali, juu ya shabaha yenyewe. Marubani wa ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili walilenga kwa vioo vya asili hiyo. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo cha nukta nyekundu kinachotumia umeme, kwa ajili ya bunduki. Kukishusha kioo hicho hata kikaa juu ya bastola kulichukua muda mrefu, na sababu tutaieleza. Kilengeo kiitwacho RMR cha Trijicon kilitoka mwaka 2009. Glock walianza mwaka 2015 kuuza bastola zilizokwisha kuchongwa kiwandani ili zipokee vioo hivyo. Na Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua bastola ya Sig Sauer ambayo nayo imeandaliwa mahali pa kioo. Jeshi halichagui jambo kwa urembo peke yake, ingawa tumewahi kuona majeshi yakinunua mengi ya ajabu.

Namna kifanyavyo kazi ni hii. Kitaa kidogo mno hutupa mwanga juu ya kioo kilichopakwa dawa maalumu, na mwanga huo hurudi kwenye jicho ukiwa umenyooka, hata nukta ikaonekana kule kule aliko adui. Mlengaji hatazami tena vitu vitatu. Humtazama adui kwa macho yote mawili, na nukta huja juu yake. Kichwa kikienda kando kidogo, nukta nayo huhama katika kioo na kubaki, takriban, pale itakapogonga risasi. Nukta ya ukubwa wa kawaida, kwa umbali wa mita 25, hufunika duara lenye upana wa kama sentimita mbili na nusu. Mzee asiyeona ncha ya chuma huiona nukta. Hilo ni jambo kubwa, nasi twalikiri bila kigugumizi. Walio na kasoro ile ya jicho inayoitawanya taa kuwa kama nyota yenye miguu huiona nukta ikiwa na mkia au mapacha. Hao na waijaribu kabla ya kuinunua.

Je, kinategemeka? Hapa ndipo watu hugombana, nasi tutaeleza kasoro moja moja, maana kila moja ina dawa yake na si sawa kuzitia zote katika gunia moja.

Ya kwanza ni betri. Aimpoint wanasema kwamba kilengeo chao kidogo cha bastola, kile cha kwanza, hukaa saa 15,000 bila kuzimwa, na kile kilichokifuata saa 50,000, yaani zaidi ya miaka mitano. Hayo ni maneno ya muuzaji, nayo hupimwa kwa mwanga wa kadiri. Aongezaye mwanga kwa sababu ya jua la tambarare la Himo hupunguza umri huo. Hata hivyo, kwa mtu abadilishaye betri mara moja kila mwaka, siku anayoikumbuka, kama Krismasi au siku ya kuzaliwa kwa mtoto wake, betri haiwezi kuwa hoja ya kukikataa kioo. Inakuwa hoja kubwa kwa yule asiyebadilisha. Kadhalika aangalie anunue betri ya namna gani. Ile bapa mfano wa sarafu hupatikana hata katika maduka ya saa, lakini ya bandia ipo, nayo hufa kabla ya wakati bila kuaga.

Ya pili ni kishindo. Juu ya bunduki kioo hutulia. Juu ya bastola hukaa kwenye kipande cha chuma kinachoruka nyuma na mbele kwa kasi kila risasi itokapo. Ni kama kufunga saa ya ukutani kwenye nyundo. Vioo vya kwanza viliteseka: betri ilitikisika ikaachana na vyuma vyake, na nukta ikazimika kwa nukta ya saa kisha ikawaka. Trijicon walilazimika kutoa RMR ya namna ya pili mwaka 2017, iliyotengenezwa imara zaidi kwa ajili ya bastola. Vioo vizuri vya leo vimelishinda tatizo hilo kwa sehemu kubwa. Vile vya bei ya chini, viuzwavyo kwa jina linalofanana na jina kubwa, vilitengenezwa kwa ajili ya bunduki za kuchezea, na mwenye kuviweka juu ya bastola ya kujilinda anajitafutia balaa.

Ya tatu ni skrubu, na kwa maoni yetu hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kioo hufungwa kwa skrubu mbili ndogo, mara nyingi juu ya bamba ambalo nalo limefungwa kwa skrubu nyingine. Zikilegea, nukta itawaka vizuri kabisa na kusema uongo. Fundi ajuaye hupaka gundi ya skrubu, hukaza kwa kipimo, kisha huchora mstari mdogo wa rangi ili kulegea kuonekane kwa macho. Fundi asiyejua hukaza kwa nguvu za mkono mpaka skrubu ikatike kichwa. Hatudhani kwamba fundi baiskeli ndiye wa kupelekewa kazi hii, ingawa twamheshimu sana fundi baiskeli. Tena katika vilengeo vya RMR vya namna mbili za kwanza betri hukaa chini, hata haiwezekani kuibadilisha bila kukifungua kioo chote. Basi kila abadilishapo, hana budi kukifunga upya na kwenda kupiga risasi za kuhakikisha. Ataenda wapi?

Ya nne ni maji, vumbi na ukungu, na hapa Kilema inazungumza yenyewe. Vioo vingi vya bastola viko wazi: kitaa kiko nyuma, kioo mbele, na kati yake ni hewa. Tone moja la mvua likitua juu ya kitaa, nukta moja hugeuka kuwa nyota kumi, au huzimika. Uzi wa koti, unga wa vumbi la barabara, au jani dogo la mgomba yatosha. Huko ambako mvua ya masika huanza Machi na kuendelea hata Mei, na ukungu hushuka toka msituni jioni bila kubisha hodi, mwenye kioo cha wazi lazima akichungulie kila siku. Vipo vioo vilivyofungwa pande zote kama sanduku dogo, na kwa nchi ya mvua hivyo ndivyo vinavyofaa. Hata hivyo uso wa nje bado hupata jasho. Bastola iliyopoa katika gari lenye kiyoyozi ikitolewa ghafla katika joto lenye unyevu la Moshi mjini, kioo hufunikwa na mvuke kama miwani ya mpishi. Kichukuliwacho ndani ya koti, karibu na mwili, hupata taabu hiyo kidogo. Vyuma, katika hali zote hizo, huwa havina habari.

Kwa hiyo mizani iko hivi: chuma hushinda kwa uvumilivu, kioo hushinda kwa usahihi wa jicho la kawaida lililo katika hofu. Nao watengenezaji wenye busara wamekwisha kupata maridhiano, yaani kuweka vyuma vilivyo virefu kidogo, vinavyoonekana kupitia katika kioo chenyewe, hata nukta ikifa mlengaji asikose pa kushika. Sisi twasema bila kuzungusha: bastola ya kubeba yenye kioo bila vyuma hivyo haifai kuruhusiwa mikononi mwa mtu yeyote mlimani, awe tajiri, awe askari.

Tungeweza kuishia hapo kama jambo lingekuwa la vyombo tu. Lakini tukitazama takwimu za miji mikubwa twaona kwamba sehemu kubwa ya risasi zinazopotea hazipotezwi na chuma wala na kioo. Taasisi ya RAND, katika uchunguzi wake wa mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1998 na 2006, askari walipokuwa wakirushiana risasi na wahalifu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizogonga. Hata pale ambapo mhalifu hakuwarushia, asilimia 30. Hao ni askari waliofunzwa, wanaolipwa, wenye viwanja vya shabaha. Agosti 2012, katika mji huo huo, mbele ya jengo la Empire State, askari wawili walimpiga risasi mtu aliyekuwa ametoka kuua. Walifyatua risasi 16 kwa umbali wa hatua chache, wakamuua, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi za askari au vipande vyake. Ikiwa barabara pana ya New York ilikuwa nyembamba kwa risasi hizo, vipi njia ya Kilema yenye boma kila upande?

Na tusiende mbali mpaka Marekani. Septemba 2013, katika jengo la Westgate, Nairobi, magaidi waliua watu 67. Miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni na askari wa nguo za kiraia, wakiwa na bastola tu mikononi, na ushujaa wao hauna shaka. Lakini siku hiyo hiyo, kama ilivyoripotiwa, afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake. Hakuna nukta, iwe nyekundu au ya kijani, imwambiayo mtu kwamba aliye mbele yake ni mwenziwe. Wala kioo hakimzuii mtu kuvuta kifyatulio kwa pupa na kuishusha risasi chini, kosa ambalo kila mwalimu wa shabaha huliona kwa wanafunzi wa siku ya kwanza.

Tena kioo kina dai lake la mafunzo. Mtu aliyezoea chuma akipewa kioo kwa mara ya kwanza huinua bastola na haoni nukta kabisa. Mkono umeinama kidogo, nukta iko nje ya dirisha, naye huanza kuitafuta juu, chini, kushoto, kulia, ilhali adui hangoji. Ugonjwa huo huponywa kwa kuinua bastola tupu, isiyo na risasi, mara mamia na maelfu, mpaka mkono uijue njia peke yake. Dawa hiyo haina gharama kubwa ila subira. Mwenye kununua kioo leo na kukichukua kesho amejitengenezea kitu kibaya kuliko kile alichokuwa nacho jana.

Hapa tunafika kwa mfanyakazi, ambaye katika mazungumzo ya vyombo husahauliwa sana. Mfanyabiashara hununua kwa fedha yake na huchukua kwa hiari yake. Mlinzi wa kuajiriwa hapewi hiari hiyo. Hukabidhiwa silaha jioni, huirudisha asubuhi, na silaha ile ile huchukuliwa na mwenzake mchana. Nani aliyekaza skrubu? Nani aliyebadilisha betri? Nani aliyeongeza mwanga kwa ajili ya jua na hakuupunguza, hata usiku nukta ikang'aa kama taa ya gari na kulificha lengo lote? Chombo cha watu wengi ni chombo cha hakuna mtu. Katika mikono ya zamu namna hii, sisi twapendelea chuma bila kusita, isipokuwa pale ambapo kila mlinzi ana silaha yake, daftari lake la matunzo na siku yake ya mazoezi. Yatakapotokea mabaya, atakayesimama kizimbani ni mlinzi na si kioo, wala mara nyingi si mwajiri.

Kwa sababu hiyo, waajiri wa walinzi waulizwe jambo moja kabla hawajajisifu kwa vifaa vya kisasa: mlinzi wako alipiga risasi ngapi za mazoezi mwaka jana, na ni nani aliyezilipia? Bei ya kioo kimoja kizuri ni mamia ya dola za Marekani. Fedha hiyo hununua risasi nyingi za mazoezi na siku nyingi za mwalimu. Mwajiri aliye na fedha ya kimoja tu, na anunue mafunzo. Aliye na fedha ya vyote viwili, na aanze na mafunzo. Na pale kioo kinapotolewa, betri, gundi ya skrubu na risasi za kuhakikisha ziwe gharama ya mwajiri, zisikatwe katika mshahara. Vyama vya wafanyakazi vina haki ya kuliandika hili katika mikataba, nasi tungependa kuona ni chama gani kitakachotangulia.

Kwa askari wa upelelezi hoja yetu ni tofauti kidogo. Wao hufanya kazi usiku, katika ukungu, mara nyingi peke yao, na wengi wamekwisha kupita umri wa macho makali. Kioo kilichofungwa pande zote, chenye vyuma virefu vya akiba, kingewafaa, mradi kila mtu akabidhiwe cha kwake na apimwe kwa shabaha kabla ya kukichukua na kila mwaka baada ya hapo. Apimwe katika mwanga hafifu, na apimwe nukta ikiwa imezimwa kwa makusudi. Asiyeweza kugonga kwa vyuma peke yake asipewe nukta.

Wabaki wenye leseni wanaopanda mlimani kila Desemba. Ukaguzi wao hauhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Waitoe risasi, waelekeze mtutu mahali salama, watazame kama nukta inawaka, kama kioo ni kikavu, kama mstari wa rangi kwenye skrubu haujakatika, kama chuma cha nyuma kiko katikati. Ni kazi ya dakika mbili, nayo ifanywe nyumbani kabla ya safari. Kisha bastola ikae katika ala wakati wa ibada na mazishi, na ifungiwe kabatini nyumbani wakati mbege inapozunguka, iwe ina nukta au haina. Na wale wapendao kuipigia hewani usiku wa mwaka mpya wajue kwamba risasi hiyo hushuka katika kihamba cha mtu aliyelala.